Mafundi wa amplifaya Rumonge na mtego wa transista bandia

MJI wa Rumonge uko kilomita zipatazo 75 kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara ya RN3 inayoambaa na ufuko wa Ziwa Tanganyika kuelekea Nyanza-Lac na mpaka wa Tanzania. Wengi wanaujua kwa mawese, kwa ndagala na mukeke, na kwa Kiswahili ambacho hapa hakisubiri kufundishwa shuleni: kinasikika sokoni, msikitini na pale boti zinaposhusha mizigo. Ni mji pia wa sauti kubwa. Harusi haiendi bila spika, kanisa la Jumapili lina yake, baa ya ufukweni ina yake, na hata kibanda cha kuchaji simu huweka muziki mlangoni ili mpita njia ajue kuwa kuna umeme.

Nyuma ya sauti hizo mara nyingi kuna amplifaya, au "ampli" kama wanavyoiita wengi waliokulia kwenye Kifaransa, ambayo haikutoka kiwandani ilivyo. Imeundwa au imefufuliwa na fundi. Kasha ni la redio ya zamani, transfoma imetoka kwenye chombo kingine, na mchoro wa saketi umenakiliwa kutoka kwenye simu. Wapo wanaofanya hivi kwa riziki. Wapo pia wanaofanya kwa mapenzi tu: mwanafunzi, mwalimu, kijana wa boti ambaye akipata faranga kidogo hununua rezista kabla ya kununua viatu. Mahali ambapo vyuo vya ufundi ni vichache, kuunda amplifaya ni shule kamili. Inafundisha hesabu, uvumilivu na heshima kwa umeme.

Shule hiyo ina adui mmoja. Kijana anajenga amplifaya yake kwa wiki tatu. Anaijaribu mezani, inaimba vizuri. Anaipeleka kwenye sherehe, inaimba saa mbili, kisha watu wanapoomba sauti iongezwe, inatoa mlio kama wa kitambaa kinachochanika na moshi unatoka juu ya kasha. Pengine spika nayo imekwenda. Mwenye sherehe hajui transista ni nini; anamjua fundi. Na fundi, asipokuwa na wa kumwambia vinginevyo, huamini kwamba alikosea mchoro. Wako walioacha kazi hii kwa kudhani hawana kipaji, kumbe walichokosa ni transista halali.

Ili kuelewa kwa nini kipuri bandia hupita kwenye majaribio ya mezani, ni vizuri kumtazama mmoja tu anayejulikana na kila fundi wa sauti kutoka Bujumbura hadi Mombasa: jozi ya 2SC5200 na 2SA1943 iliyobuniwa na kampuni ya Toshiba ya Japani. Kwa mujibu wa karatasi za kiwanda, transista hizi hustahimili volti 230, ampea 15, na joto la wati 150 zikiwa zimefungwa vizuri kwenye bamba la kupozea. Uwezo huo hautoki kwenye plastiki nyeusi unayoiona. Unatoka kwenye kipande cha silikoni kilichofichwa ndani, ambacho lazima kiwe na upana wa kutosha ili mkondo usambae na joto lipate pa kupita.

Anayetengeneza bandia hufanya jambo rahisi. Huchukua silikoni ndogo, ya transista ya bei ndogo, huiweka ndani ya kasha kubwa na kuchapa juu yake jina la kubwa. Fundi akiweka mita yake kwenye alama ya daiodi, mita hupitisha mkondo mdogo sana, sehemu ya elfu ya ampea. Kwa mkondo huo silikoni ndogo na kubwa hujibu sawa. Ni kama kupima nguvu za punda kwa kumtwisha kikapu kitupu. Mzigo halisi huja usiku wa sherehe, pale besi inapopiga na transista inadaiwa ampea tano au sita kwa mkupuo huku ina volti 50 mgongoni. Silikoni ndogo hupata joto mahali pamoja, hutoboka, na ikishatoboka hugeuka kuwa waya mtupu. Umeme wote wa mkondo mnyoofu hukimbilia kwenye spika. Ndiyo maana kipuri cha bei ya soda huweza kuondoka na spika ya bei ya mbuzi.

Hakuna anayepaswa kuona aibu kwa kudanganywa hivi. Mwezi Mei 2012 kamati ya Baraza la Seneti la Marekani inayoshughulikia majeshi ilitoa ripoti ya uchunguzi wake kuhusu vipuri vya elektroniki vya bandia, na ndani ya miaka miwili tu iliyochunguzwa ilikuta visa vipatavyo 1,800 vikihusisha vipuri zaidi ya milioni moja, vingine vikiwa vimefika hadi kwenye ndege za kijeshi. Njia iliyoelezwa ni ile ile inayoujaza mkoba wa fundi wa Rumonge: mashine zilizotupwa husafirishwa hadi kusini mwa China, vipuri hung'olewa kwenye bodi kwa moto, maandishi ya zamani husuguliwa, rangi mpya hupakwa na jina jipya huchapwa. Kama jeshi lenye maabara limeuziwa, kijana mwenye mita moja hana la kujilaumu.

Tofauti ni kwamba jeshi linaweza kurudi kwa aliyeliuzia. Rumonge iko mwisho wa mnyororo mrefu. Spea huingia Dubai au Dar es Salaam, hupanda reli ya kati ambayo imekuwa ikifika Kigoma tangu 1914, au hupanda lori, kisha hufika Bujumbura kwa ziwa au kwa barabara. Nyingine huvuka kutoka Uvira. Soko Kuu la Bujumbura lilipoteketea Januari 27, 2013, wafanyabiashara wengi walitawanyika kwenda masoko mengine kama Ruvumera, Siyoni na Cotebu, na mnunuzi aliyekuwa na muuzaji wake wa miaka ikabidi aanze kutafuta upya. Anayekaa Rumonge mara nyingi hata haendi. Hutuma fedha kwa simu, mtu humnunulia, na mfuko mdogo wa nailoni humfikia kwa basi. Amelipa kabla ya kuona. Ukiuliza mfuko huo umepita mikononi mwa watu wangapi, huenda hata aliyeufunga hajui.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafuata mwaka 2022, kwa hiyo leo Rumonge, Kigoma, Uvira na Baraka ziko ndani ya jumuiya moja. Ni jambo jema kwa mwenye mawese na mwenye samaki. Kwa mwenye transista habari ni nusu nusu: bidhaa inavuka mpaka, dhamana haivuki. Muuzaji wa Kariakoo hatambui risiti ya Bujumbura, na mara nyingi risiti yenyewe haipo.

Serikali za ukanda huu zimewahi kuonyesha kwamba bandia inaweza kushughulikiwa. Kenya ilizima simu bandia kwenye mitandao mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016. Lakini simu ina namba yake ya utambulisho ambayo mtandao unaweza kuisoma kutoka mbali. Transista haina namba. Hakuna ofisi ya viwango, iwe ya Burundi au ya jirani, inayoweza kufungua kila mfuko wa nailoni na kukata kila kasha kuona silikoni. Mkaguzi wa mwisho ni mnunuzi mwenyewe, na afadhali ajifunze kazi hiyo.

Kabla ya kufika huko kuna ugomvi mmoja wa maneno unaopaswa kumalizwa, kwa sababu unawaumiza hata wauzaji waaminifu. Si kila kisichotoka Japani ni feki. Aisi ya TDA2030, ile ya miguu mitano inayotoa takriban wati 14 kwenye spika ya omu 4, ilibuniwa Ulaya, lakini kampuni ya UTC ya Taiwan huitengeneza na kuiandika jina lake yenyewe. Hiyo ni mbadala, wala haimdanganyi mtu. Bandia ni ile inayovaa jina la mwingine. Mwezi Aprili 2012 Mahakama Kuu ya Kenya ililazimika kugusa tofauti ya namna hiyo kwenye kesi ya dawa, pale wagonjwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI walipolalamika kwamba sheria ya kuzuia bandia ingeweza kuzifunga pamoja dawa mbadala halali. Mahakama iliwaunga mkono. Kwa fundi, somo ni jepesi: akikuta kipuri chenye jina la kiwanda kisichojulikana sana lakini kinachojitaja waziwazi, ana nafasi nzuri kuliko akikuta jina kubwa kwa bei ya kutupa.

Na majina makubwa yana siri nyingine: mengi ni ya marehemu. Motorola, ambayo chapa yake bado inaonekana kwenye transista za 2N3055 zinazouzwa kama mpya, ilitenga biashara hiyo mwaka 1999 na kuipa jina la ON Semiconductor. Sanyo, mama wa zile moduli za STK zilizojaa kwenye redio za miaka ya 1980 na 1990, iliuza biashara yake ya semikondakta kwa ON Semiconductor hiyo hiyo mwaka 2011. National Semiconductor, iliyobuni LM3886 inayopendwa sana na waunda amplifaya, ilimezwa na Texas Instruments mwaka 2011. Sasa angalia tarehe. Viwanda vingi huandika tarakimu nne, mbili za mwaka na mbili za wiki, kwa mfano 1432 ni wiki ya 32 ya mwaka 2014. Moduli yenye nembo ya Sanyo na tarehe ya 2019 imetengenezwa na nani? Transista ya Motorola ya mwaka 2015? Mzigo wa zamani uliokaa ghalani unaweza kuwepo, ndiyo, lakini basi tarehe yake nayo iwe ya zamani. Kwa swali hili moja tu, ambalo halihitaji hata mita, feki nyingi za sokoni zinaweza kukataliwa zikiwa bado mkononi mwa muuzaji.

Jaribio la pili ni la macho na kidole. Kasha halisi lina uso wa aina moja juu na pembeni. Lililosuguliwa lina juu palipo laini au penye mikwaruzo ya mstari mmoja, huku pembeni pana ukungu wake wa asili. Kile kijishimo kidogo cha duara kinachoonyesha mguu wa kwanza kwenye aisi kiwe na kina na usafi. Kikiwa kimejaa rangi, kuna aliyepaka. Pamba yenye asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha inayopatikana saluni, ikifuta maandishi au ikitoka nyeusi, biashara imekwisha. Wenye feki za kisasa huchapa kwa miale ya leza isiyofutika, kwa hiyo kufaulu jaribio hili hakumaanishi kipuri ni kizima. Kufeli ndiko kunakosema kweli. Miguu pia huzungumza: kipuri kipya hakina mabaki ya lehemu wala alama ya kupindwa.

Jaribio la tatu ndilo lenye thamani kubwa, na halijulikani vya kutosha ufukweni. Silikoni kubwa ina kapasitansi kubwa kati ya miguu yake. Karatasi ya Toshiba inasema 2SC5200 ina takriban pikofaradi 200 kati ya kolekta na besi, na 2SA1943 ina takriban 360, zikipimwa kwa volti 10. Mita ya kawaida yenye alama ya kapasita hupima kwa volti ndogo zaidi, na kwa volti ndogo kapasitansi huwa juu. Kwa hiyo transista halali ni lazima isome zaidi ya namba hizo. Ikisoma 90, kilichomo ndani si kile kilichoandikwa nje, hata kama kasha linang'aa kama jicho la mukeke. Mita inayofanya kazi hii haiko mbali. Hata kile kipima-vipuri kidogo cha bodi wazi, chenye skrini ya vidole viwili na betri ya volti 9, kinatosha, na mafundi watatu wakichanga wanaweza kukimiliki pamoja.

Anayenunua nyingi anaweza kwenda mbali zaidi: anunue mbili kwanza, moja aitoe kafara. Aifunge kwenye jiliwa, aikate kwa msumeno wa chuma au aipasue kwa koleo, atazame. Zile 2N3055 za kasha la chuma hufunguka kama kopo, na kinachoonekana ndani hakihitaji elimu. Transista inayodai ampea 15 na wati 115 ikiwa na silikoni ndogo kama punje ya mtama, jibu limepatikana. Kafara hiyo ni nafuu kuliko kuungua kwa amplifaya moja.

Lakini ushauri ambao ungewasaidia zaidi mafundi wa Rumonge unakwenda kinyume na fahari ya ujana, inayopenda kitu kipya kwenye mfuko. Katika mji ulio mwisho wa mnyororo, transista kuukuu ni salama kuliko mpya. Amplifaya ya Kijapani iliyokufa miaka kumi iliyopita, iliyolala chini ya meza ya fundi ikikusanya vumbi, ina transista zilizotoka kiwandani wakati hakuna aliyeona faida ya kuzighushi, na zilizokwisha kufanya kazi miaka mingi bila kutoboka. Amplifaya hufa kwa sababu nyingi: transfoma, swichi, kapasita, maji, panya. Mara nyingi upande mmoja umeungua na mwingine mzima. Ving'olewe vilivyo vizima, vipimwe, viandikwe vimetoka mashine gani, vihifadhiwe kwenye kopo. Redio za magari yaliyogongwa, mashine za kuhifadhi umeme za ofisini, runinga za kioo kinene: vyote ni ghala. Wazee waliotengeneza redio kabla ya simu za mkononi waliishi hivyo, na walicheka waliponunuliwa "vipya".

Kanuni hiyo ina hali moja ya kuachwa, nayo ni kapasita za maji, zile za mviringo zinazochuja umeme. Hizo hukauka. Kila joto linapopanda nyuzi 10, umri wake hupungua karibu nusu, na kwenye mji wa ufukweni wenye joto, ndani ya kasha lililofungwa, zile za redio kuukuu huwa zimekwisha. Hapa hakuna njia ila kununua mpya, na hapa ndipo bandia ni hatari kwa mwili pia.

Hesabu ni hii. Fundi ana transfoma ya volti 35 kila upande. Umeme huo ukinyooshwa na daiodi, huzidishwa kwa 1.41, na hufika karibu volti 49.5. Umeme wa gridi ukipanda kwa asilimia 10, jambo lisilo geni, inakuwa volti 54 na zaidi. Kapasita ya volti 50 haitoshi. Inatakiwa ya volti 63. Mwenye kughushi anachukua ya volti 35 yenye maikrofaradi 4,700, anaivika gamba jipya la plastiki linalosema volti 63 na maikrofaradi 10,000, au anaiweka nzima ndani ya kopo kubwa na kujaza nafasi iliyobaki. Kwenye amplifaya ya volti 54, kapasita hiyo ni baruti ndogo. Hupasuka kwa kishindo na kurusha maji moto, na uso wa fundi mara nyingi uko juu yake.

Mizani ndogo ya sonara hutambua mengi: kapasita mbili zenye maandishi sawa zikitofautiana sana uzito, moja ni kopo tupu. Gamba likivutwa kidogo na chini yake kukaonekana gamba jingine, imevishwa. Kipimo cha maikrofaradi kikipungua kwa zaidi ya asilimia 20 kutoka kilichoandikwa, irudi. Hata hivyo haki itendeke: kapasita zilizovimba vichwa si lazima ziwe feki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita za viwanda vinavyojulikana zilivimba kwa wingi kwenye kompyuta duniani kote kwa sababu ya kimiminika kibovu, na hakuna aliyekuwa ameghushi jina.

Waya nao una ujanja wake. Waya wa spika unaoitwa shaba mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, na transfoma nyepesi kupita kiasi huwa zimesukwa kwa alumini yenye varnishi nyekundu. Wembe ukikwangua, weupe hutokea. Waya wa transfoma unaweza kupimwa pia kwa kulehemu: alumini haikubali lehemu ya kawaida, inateleza kama maji kwenye jani la yungiyungi. Waya huo hupata joto zaidi, na maungio yake hulegea.

Kuhusu wati zinazoandikwa kwenye makasha, hapa hakuna kughushi, kuna uongo mtupu, na unastahili sentensi chache tu. Wengi ufukweni hutumia betri ya volti 12 na sola. Amplifaya inayokula volti 12 moja kwa moja, bila saketi ya kupandisha volti, ikiwa na spika ya omu 4, haiwezi kutoa zaidi ya wati 18 safi hata ikiundwa na malaika. Iliyoandikwa wati 1,000 inatoa hizo hizo.

Baada ya vipuri kupita majaribio yote, bado kuna usiku wa kwanza, na mafundi wazoefu wana desturi mbili zisizogharimu kitu. Ya kwanza ni taa. Taa ya zamani ya uzi, ya wati 60 au 100, hufungwa kwa mfululizo kati ya umeme wa ukutani na transfoma. Amplifaya ikiwa nzima, taa huwaka mara moja kisha hufifia. Ikiwa kuna kilichotoboka, taa huwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, na badala ya transista kuungua, inaungua saa ya fundi tu. Taa za LED hazifanyi kazi hii. Wenye zile za uzi wasizitupe. Ya pili ni kuichosha amplifaya kabla ya wageni kuichosha. Badala ya spika hufungwa rezista kubwa za saruji zenye jumla ya omu 8, zikalazwa kwenye sufuria ya maji, na muziki ukachezwa kwa nguvu saa nzima huku bamba la kupozea likiguswa mara kwa mara. Kipuri kitakachokufa, kifie hapo, maji yakichemka taratibu na bila bibi harusi kushuhudia.

Suala la fedha linabaki. Kampuni kubwa zinazonunua moja kwa moja viwandani, kama Mouser na DigiKey za Marekani au Farnell ya Uingereza, huuza hata kipuri kimoja, lakini usafirishaji wake humshinda mtu mmoja, na katika nchi yenye uhaba wa fedha za kigeni kulipa kwenyewe ni kazi. Kumi wakiungana, mambo hubadilika. Transista ni nyepesi; jozi mia hazijazi kilo mbili. Mafundi wa Rumonge wakiungana na wenzao wa Nyanza-Lac, Kigoma na Uvira, mzigo mmoja kwa mwaka ungetosha kuendesha meza zote za ufukwe huo, na mwenye jamaa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuupokea. Kiswahili cha kuandikiana orodha wanacho wote.

Kwa ununuzi wa kawaida wa Bujumbura, makubaliano yafanywe kabla ya fedha kutumwa. Anayetumwa apige picha ya maandishi kwa karibu, tarehe isomeke. Zinunuliwe mbili kwanza. Muuzaji aambiwe mapema kwamba zitapimwa na kwamba isiyofaa itarudi kwa basi lile lile. Wapo watakaokataa, na kukataa kwao ni jibu. Wapo watakaosema, bila kuona haya, kwamba wana za aina mbili na kuuliza mteja anataka ipi. Huyo wa pili anafaa kuhifadhiwa namba yake. Anajua anachouza, na akishajua kuwa mteja wa Rumonge anapima, hatahangaika kumpelekea ile nyingine.